Ujumbe ulisema muamala umekataliwa, leja ikasema umepita: kisa cha trigger_error kwenye mfumo wa SACCOS

Mazingira

Kisa hiki kilitokea kwenye chama kimoja cha akiba na mikopo nchini Tanzania. Jina la chama, mji na wahusika nimeyaondoa, na tarakimu za fedha nimezibadilisha bila kuharibu hesabu yenyewe. Wanachama wengi ni watu wa biashara ndogondogo: wauza vitenge, mama lishe, bodaboda, mafundi cherehani. Kanuni yao ya mikopo ni ile iliyozoeleka, mkopo hadi mara tatu ya akiba. Kwa hiyo akiba ikisomeka vibaya, haki ya mwanachama ya kukopa nayo inapotoka.

Mfumo wao uliandikwa kwa lugha ya programu ya PHP na fundi mmoja ambaye baadaye alihamia kazi nyingine. Ulikuwa kwenye seva ndogo ya kukodi, na hifadhidata yake ilikuwa MySQL. Waliokuwa wakiutumia kila siku ni karani wa dirishani, mhasibu na meneja. Pamoja na mfumo huo, chama kiliendelea kuandika vitabu vya wanachama kwa mkono na kutunza hati za malipo zenye saini ya mpokeaji. Walikuwepo waliosema karatasi hizo zimepitwa na wakati. Ndizo zilizotuokoa.

Msimbo ulivyokuwa

Fundi wa kwanza alitaka mfumo useme kwa Kiswahili pale mtu anapokosea, akatumia njia ambayo PHP inayo tangu toleo la 4, yaani `trigger_error`. Fanksheni hii inamruhusu mwandishi wa programu kuzua kosa lake mwenyewe, kwa maneno yake, na kulipa uzito anaoutaka. Uzito uko wa aina nne: `E_USER_NOTICE` ni taarifa tu, `E_USER_WARNING` ni onyo, `E_USER_DEPRECATED` huonya kwamba njia fulani inaachwa, na `E_USER_ERROR` ni kosa la kusimamisha kazi. Usipotaja chochote, PHP huchukua ile ya taarifa.

Sehemu ya kupokea akiba ilikuwa hivi:

```php
if (!is_numeric($_POST['kiasi'])) {
    trigger_error('Kiasi si sahihi', E_USER_ERROR);
}
$kiasi = (int) $_POST['kiasi'];
andikaAkiba($namba, $kiasi);
```

Sehemu ya kutoa fedha ilifuata mtindo uleule: salio likiwa dogo kuliko kiasi kinachoombwa, inazuliwa `E_USER_ERROR` yenye maneno "Salio halitoshi", na mstari unaofuata unaandika utoaji kwenye leja. Hakuna `else`, hakuna `return`. Fundi alijua kwamba `E_USER_ERROR` inaua skripti, yaani programu inayoendeshwa, papo hapo, akaiachia kazi ya kulinda mlango. Kwa miaka yote hiyo mlango ulilindwa kweli.

Kilichomkera karani ni sura ya ujumbe. Akiandika kiasi vibaya, skrini nzima ilibaki nyeupe na mstari mmoja wenye maneno "Fatal error: Kiasi si sahihi", ukifuatiwa na njia ndefu ya faili kwenye seva na namba ya mstari. Kila mara ilimbidi arudi nyuma kwenye kivinjari na kujaza fomu upya. Malalamiko yake yalikuwa ya haki. Isitoshe, kumwonyesha mtu wa dirishani njia ya faili za seva hakumsaidii yeye, kunamsaidia mwizi.

Mlolongo wa matukio

Toleo la 7.4 la PHP liliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022. Chama kilipokuja kuhamia 8.1, kilimpa kijana mmoja kazi ya kuhamisha mfumo na, akiwa humo, kuondoa zile skrini nyeupe. Uhamisho aliufanya vizuri. Kwa upande wa ujumbe aliongeza kidhibiti makosa, yaani fanksheni inayopokea kosa na kuamua la kulifanyia, mwanzoni mwa faili linaloitwa na kurasa zote:

```php
set_error_handler(function ($aina, $ujumbe, $faili, $mstari) {
    if ($aina === E_NOTICE) {
        return;
    }
    $maneno = ($aina === E_USER_ERROR)
        ? $ujumbe
        : 'Kuna hitilafu ya mfumo';
    echo '<div class="kosa">Muamala haukukamilika. '
        . $maneno . '. Jaribu tena.</div>';
});
```

Akajaribu. Aliandika herufi mahali pa kiasi, likatokea boksi jekundu lenye Kiswahili safi. Aliomba kutoa fedha kuliko salio, boksi likatokea. Karani na meneja waliona, wakafurahi, mfumo ukaanza kutumika.

Dalili ya kwanza haikuonekana kama dalili. Karani, kama watu wengi, huandika laki moja na nusu hivi: 150,000. Boksi likamwambia kiasi si sahihi, ajaribu tena. Akafuta koma, akaandika 150000, ikapita. Hakuwa na sababu ya kushuku kitu.

Dalili ya pili ilikuja na mama mmoja muuza vitenge. Alikuwa na akiba ya 380,000 na aliomba kutoa 400,000. Mashine ikasema salio halitoshi, akakubali, akaenda zake. Siku chache baadaye alirudi kuomba 300,000, kiasi alichokuwa na uhakika nacho. Mashine ikasema tena salio halitoshi.

"Mama, mashine inasema huna salio."

"Mwanangu, hiki kitabu umeandika wewe kwa mkono wako. Soma hapo, laki tatu na themanini. Nani amechukua?"

Karani alifungua leja. Salio la mama lilikuwa hasi 320,000. Kulikuwa na utoaji wa 400,000, ambao haukutoka, na utoaji wa 300,000 ulioandikwa dakika ileile, akiwa bado amesimama dirishani. Kila alipokataliwa, alikatwa.

Nataka msomaji asimame hapa kidogo. Huyu mama alikuwa mbele ya mtu anayemwamini, na mtu huyo alikuwa mbele ya skrini iliyosema kwa Kiswahili fasaha kwamba muamala haukukamilika. Wote wawili walidanganywa na sentensi moja. Meneja akapiga simu jioni hiyo, nasi tukaingia kazini.

Kutafuta chanzo

Fikra ya kwanza ya ofisini ilikuwa wizi, na macho yalishaanza kumgeukia karani. Tuliomba hilo liwekwe kando hadi msimbo usomwe. Chanzo kilipatikana mapema, kwa sababu kipo kwenye tabia ya PHP inayojulikana ila huwa haikumbukwi.

Ukishaweka kidhibiti chako kwa `set_error_handler`, kidhibiti cha kawaida cha PHP kinakaa pembeni kwa makosa yote ambayo chako kinaweza kuyapokea, na `E_USER_ERROR` ni mojawapo. Kidhibiti chako kikimaliza kazi bila kusimamisha skripti, PHP inarudi palepale kosa lilipozuliwa na kuendelea na mstari unaofuata. Jibu pekee linalorudisha mamlaka kwa kidhibiti cha kawaida ni `false`. Ukirudisha `true`, au usiporudisha chochote kama ilivyokuwa hapa, PHP inahesabu kwamba kosa limeshughulikiwa. Kwa hiyo boksi jekundu lilichapishwa, kisha `(int)`, inayogeuza maandishi kuwa namba nzima, ikafanya kazi yake, kisha `andikaAkiba` ikaandika.

Na `(int)` nayo ina mambo yake. Ukiipa maandishi "150,000" inasoma tarakimu hadi inapogota kwenye koma, inakupa 150, na hailalamiki hata kidogo. "1,250,000" inakuwa shilingi 1. Ndiyo maana mwanachama aliyeweka laki na nusu alikuwa na maingizo mawili: 150 na 150,000.

Kulikuwa na tatizo la tatu, la upande mwingine. Kwenye PHP 8, kusoma ufunguo usiokuwepo kwenye orodha ni onyo, wakati kwenye 7.4 ilikuwa taarifa tu. Fomu ya kupokea akiba ilikuwa na sehemu ya namba ya simu ambayo kurasa nyingine hazikuituma. Kidhibiti kilinyamazia taarifa lakini kilionyesha maonyo, na kwa maneno yaleyale: "Muamala haukukamilika. Jaribu tena." Muamala ulikuwa umekamilika bila kasoro. Karani alipojaribu tena kama alivyoelekezwa, akiba ya mtu iliandikwa mara mbili kwa ukamilifu wake.

Tulikwenda kwenye faili la kumbukumbu za makosa kutafuta orodha ya matukio. Halikuwa na kitu. Kidhibiti cha kawaida ndicho huandika humo, nacho kilikuwa kimewekwa pembeni. Kipya kiliandika kwenye skrini peke yake.

Maamuzi na sababu zake

*Kusimamisha uandishi.* Mwenyekiti hakutaka, kwa kuwa Ijumaa ilikuwa siku ya mikopo. Tulimweleza kwamba kila saa ya kuendelea inaongeza maingizo ya kutafuta baadaye. Muafaka ulikuwa mfumo ubaki wa kusoma tu, na miamala iandikwe vitabuni. Mikopo ya Ijumaa ilihesabiwa kutoka kwenye vitabu vya karatasi.

*Kutofuta chochote.* Kijana alipendekeza kufuta maingizo mabaya moja kwa moja kwenye hifadhidata. Mhasibu alikataa na alikuwa sahihi. Baadhi ya wanachama walikuwa wameshachapishiwa taarifa za akaunti zenye maingizo hayo, na leja inayopoteza mistari haimtulizi mtu aliyeshaanza kuuliza nani amechukua. Kila ingizo baya liliandikiwa ingizo la kulirudisha, lenye maelezo na tarehe.

*Namna ya kuyapata.* Akiba zilizokatwa na koma zilikuwa rahisi, kwa kuwa kilichobaki kabla ya koma ya kwanza hakizidi tarakimu tatu. Kiwango cha chini cha kuweka chamani ni 5,000, hivyo akiba yoyote chini ya 1,000 ilikuwa ya uongo. Utoaji ulikuwa mgumu, kwa sababu 400,000 ni kiasi cha kawaida na salio hasi linaweza kufunikwa na akiba ya kesho yake. Ilibidi salio la kila mwanachama lihesabiwe upya muamala kwa muamala, tangu siku kidhibiti kilipowekwa, kisha kila utoaji ulioshusha salio chini ya sifuri ulinganishwe na hati za malipo. Utoaji usio na hati yenye saini haukutoka. Maingizo mapacha yalichujwa kwa kuangalia mwanachama mmoja, kiasi kimoja na dakika zinazokaribiana, lakini hapo hatukuiachia kompyuta iamue. Mtu anaweza kweli kuweka 50,000 mara mbili asubuhi moja. Karani na mhasibu walipitia moja moja dhidi ya kitabu.

*Dawa ya haraka.* Jioni ileile tuliweka `exit` ndani ya kidhibiti kwa `E_USER_ERROR`. Kulikuwa na chaguo la kurudisha `false` na kuiacha PHP iue skripti kama zamani, lakini ingemrudisha karani kwenye skrini nyeupe. Kabla ya kuiamini `exit` tulihakiki kwamba majedwali yote ni ya InnoDB, aina ya jedwali la MySQL inayoweza kurudisha muamala nyuma, maana utoaji unagusa majedwali mawili, leja na salio. Skripti ikifa katikati ya muamala wa hifadhidata uliofunguliwa, PDO, daraja la PHP la kuongea na hifadhidata, huurudisha nyuma yenyewe, ila jedwali la MyISAM, aina nyingine ya MySQL, haliwezi kurudishwa nyuma. Jedwali moja la zamani lilikuwa MyISAM. Tulilibadilisha kwanza.

*Dawa ya kudumu.* Kwenye kurasa zote zinazogusa fedha, `trigger_error` iliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na eksepsheni, yaani kosa linalotupwa na kukatisha kazi hadi lidakwe na `catch`:

```php
class KosaLaMuamala extends Exception {}

$hifadhi->beginTransaction();
try {
    $kiasi = somaKiasi($_POST['kiasi'] ?? '');
    toaAkiba($hifadhi, $namba, $kiasi);
    $hifadhi->commit();
    onyesha('Muamala umekamilika.');
} catch (KosaLaMuamala $k) {
    $hifadhi->rollBack();
    onyesha($k->getMessage());
}
```

Ikitupwa eksepsheni, hakuna mstari wa chini yake unaoendelea, awe ameweka kidhibiti nani na kwa namna gani. Isipodakwa, skripti inakufa. Kosa letu sisi waandishi, tofauti na kosa la mtumiaji, haliingii kwenye `KosaLaMuamala`. Linapanda hadi kwa `set_exception_handler`, linaandikwa kwenye kumbukumbu pamoja na njia nzima ya miito (fanksheni ipi iliita ipi), na karani anaona sentensi fupi yenye namba ya kumtajia fundi. Faida hiyo ya njia ya miito ni kubwa. Kwa `trigger_error`, faili na mstari unaoripotiwa ni pale ilipoitwa, na ukiwa umeifungia ndani ya fanksheni yako ya msaada, kila kosa la mfumo mzima linaonekana kutoka mstari mmoja.

Maonyo ya PHP yenyewe yalielekezwa kwenye kumbukumbu tu, yasionekane dirishani. Kijana alitaka kila onyo ligeuzwe kuwa eksepsheni, ile ya `ErrorException`, mara moja. Ni wazo zuri kwa mfumo mpya. Kwa huu, kurasa za ripoti zilikuwa zimejaa funguo zisizokuwepo na zote zingegoma siku moja, katikati ya mwezi. Tulifanya hivyo kwenye seva ya majaribio, kurasa zikasafishwa taratibu, ndipo ikaja kwenye seva ya kazi.

*Maneno ya ujumbe.* Haya tuliyaandika tukiwa tumekaa na karani. Aliuliza swali ambalo hakuna fundi aliyelifikiria: "Kwani koma ina ubaya gani? Kila mtu anaandika hivyo." Haina. Sasa `somaKiasi` inakubali tarakimu tupu au tarakimu zenye koma kila baada ya tatu kutoka kulia, na kukataa mengine. "150,000" inapita. "15,0000" inakataliwa kwa maneno haya: "Kiasi 15,0000 hakieleweki. Andika 150000 au 150,000. Hakuna kilichoandikwa kwenye akaunti." Kwa kuwa ujumbe unarudia alichoandika mtumiaji, unapitishwa kwanza kwenye `htmlspecialchars`, inayozuia alama za HTML zilizoandikwa na mtumiaji zisifanye kazi kwenye ukurasa. Kidhibiti cha kwanza hakikufanya hivyo.

Matokeo

Mizania ya mwezi ilifungwa ikiwa na maingizo ya marekebisho yaliyoelezwa moja moja, na fedha taslimu zilizokuwa kwenye kasha zililingana na hati. Hapakuwa na senti iliyoibwa, na meneja alilisema hilo mbele ya wafanyakazi wote, karani akiwepo. Salio la mama wa vitenge lilirudi 380,000, akachukua laki tatu zake. Wanachama wachache ambao akiba yao iliandikwa mara mbili walikuwa wameshaomba mikopo kwa kipimo cha akiba hiyo. Mmoja alikuwa ameshapewa. Kamati iliamua mkopo wake uendelee na asidaiwe tofauti kwa mkupuo.

Uchambuzi

Ujumbe wa kosa unaozuliwa na mwandishi wa programu una kazi mbili: kumwambia mtu, na kuzuia kazi isiendelee. `E_USER_ERROR` iliyoachwa kwa kidhibiti cha kawaida inafanya zote mbili kwa pamoja, na ndiyo maana fundi wa kwanza hakuona haja ya kuandika `return`. Kijana alipobadilisha namna ya kuambia, alizima namna ya kuzuia, na hakuna mstari wowote kwenye faili alilokuwa akilihariri uliomwonya. Kurasa za fedha hakuzigusa. Mtu angesoma mabadiliko yake peke yake, kwa makini kabisa, angeyapitisha.

Simlaumu kijana. Nia yake ilikuwa njema na sehemu kubwa ya wazo lake tumeibakiza: kidhibiti kimoja, mahali pamoja, Kiswahili. Kilichokosekana ni jaribio linaloangalia leja. Waliojaribu waliangalia skrini, na skrini ndiyo iliyokuwa imebadilishwa. Sasa kila jaribio la muamala wa kukataliwa linahesabu mistari ya leja kabla na baada, na hesabu isipokuwa ileile jaribio limefeli, hata ujumbe ukiwa mzuri vipi.

Jambo lililofanya madhara yaongezeke ni kutumia sentensi moja kwa hali tatu tofauti: mtumiaji amekosea, mfumo una kasoro isiyozuia muamala, na mfumo umevunjika. "Jaribu tena" ni amri. Ukimpa mtu wa dirishani amri hiyo kwenye mfumo wa fedha, lazima uwe na uhakika kwamba mara ya kwanza haikuacha kitu. Hapa mfumo haukuwa na uhakika huo na bado ulisema.

Uamuzi wa kukataa kufuta maingizo ulituchosha, lakini nauona kuwa bora kuliko yote. Mwanachama aliyekuja na taarifa yake ya zamani mkononi aliweza kuonyeshwa kila mstari: huu ni wako, huu ni wa kosa, huu ndio umeurudisha.

Bado kuna `trigger_error` kwenye kurasa za ripoti. Zimeruhusiwa kubaki kwa sharti kwamba zisizidi uzito wa `E_USER_WARNING`, yaani pale ambapo kazi kuendelea ni sawa kabisa. Zenye `E_USER_ERROR` lazima zitoke zote kabla ya uhamisho ujao, kwa sababu tangu PHP 8.4, iliyotoka Novemba 2024, kuipa `trigger_error` uzito huo kumetangazwa kuwa njia inayoachwa, na mbadala unaotajwa ni kutupa eksepsheni au kuita `exit`. Kijana yuleyule ndiye aliyepewa kazi hiyo, na ameanza na ukurasa wa gawio.